Ziara za nyumbani, chekechea, afya shuleni, ngazi za kusoma au fedha kwa familia: kipi kinapunguza pengo la watoto wa mazingira magumu?

Katikati ya miaka ya 1990, shule kadhaa za msingi za magharibi mwa Kenya ziligawiwa vitabu vya kiada bure. Nani angepinga? Mtoto hana kitabu, apewe kitabu. Watafiti walipokuja kupima, wastani wa alama haukuwa umesogea. Waliopanda ni wale waliokuwa juu tangu mwanzo. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, lugha ya tatu kwa wengi wa watoto wale, na waliobaki nyuma darasani hawakuweza kuvisoma hata wakiwa navyo mikononi.

Kisa hicho hunijia kila ninapokaa na watu wenye nia njema na mfuko mdogo: kamati ya shule, kikundi cha wazazi, shirika changa. Swali lao huwa ni lile lile, "Kipi kinasaidia?" Mimi huwarudishia jingine: kinamsaidia nani? Jambo linaweza kusaidia, wastani ukapanda, na mtoto maskini akabaki umbali ule ule nyuma ya mwenzake. Kama lengo ni kupunguza pengo, hicho ndicho kipimo cha kwanza, na ndicho kinachosahauliwa.

Njia tano zilizo hapa chini ndizo ninazokuta watu wakizivutania. Nimezipima zote kwa maswali yale yale: inafanyaje kazi, ushahidi wake ukoje na matokeo yanadumu kiasi gani, pengo linapungua au hapana, mzigo wa kuiendesha ni upi, na inamfaa nani.

## Ziara za nyumbani kabla ya miaka mitatu

Inavyofanya kazi. Mhudumu wa jamii aliyefunzwa hufika mara moja kwa wiki na kukaa kama saa moja. Kosa linaloua kazi hii ni mhudumu kucheza na mtoto huku mama akiendelea na shughuli zake. Anayefundishwa ni mama. Chupa tupu ya plastiki iliyotiwa kokoto na kufungwa barabara inakuwa kayamba. Vifuniko viwili, kimoja kikubwa na kingine kidogo, vinakuwa somo la ukubwa. Mhudumu akiondoka anaacha vichezeo hivyo na kuchukua vya wiki iliyopita. Ziara ijayo huanza na swali: "Wiki hii amekuambia nini?" Mtoto mwenyewe bado hajajua kusema, lakini mama aliyezoea kuulizwa hivyo huanza kumsikiliza.

Ushahidi. Mfano unaotajwa kuliko yote ni wa Kingston, Jamaika, ulioanza mwaka 1986. Watoto 129 waliodumaa, wenye umri wa miezi 9 hadi 24, waligawanywa katika makundi manne: waliotembelewa, waliopewa maziwa ya lishe, waliopata vyote viwili, na ambao hawakupata chochote. Mpango ulidumu miaka miwili. Miaka 20 baadaye, waliotembelewa walikuwa wakipata kipato cha takriban asilimia 25 zaidi ya wasiotembelewa. Maziwa peke yake hayakuacha alama ya kudumu. Hata hivyo, Kolombia ilipoijaribu njia hiyo kwa zaidi ya watoto 1,400, maendeleo ya akili yalionekana mwishoni mwa mpango, kisha miaka miwili baadaye yakawa yamefifia.

Kwa pengo. Hapa Kingston inasimama peke yake. Watoto waliodumaa na wakatembelewa waliwafikia kwa kipato wenzao ambao hawakuwa wamedumaa. Ni nadra kuona pengo likizibwa kiasi hicho.

Mzigo. Majengo hayahitajiki, watu wanahitajika, na wahudumu wenyewe lazima wasimamiwe. Bila msimamizi anayeongozana nao mara kwa mara, ziara ya saa moja hugeuka ya dakika kumi za salamu. Jambo jingine: matunda hutayaona kwenye ripoti ya mwaka huu.

Inamfaa anayeweza kusubiri, na mwenye wahudumu wa jamii ambao tayari wanaaminika majumbani.

## Chekechea

Inavyofanya kazi. Mtoto wa miaka mitatu hadi mitano anapata mahali pa kucheza kwa mpango, kuzungumza na mtu mzima asiye mzazi wake, na kuzoea kusubiri zamu. Hili la zamu linaonekana dogo, lakini muulize mwalimu wa darasa la kwanza uone atakavyokujibu.

Ushahidi. Wanaoipigia debe hutaja Perry, mpango uliofanyika Ypsilanti, Michigan, Marekani, kati ya 1962 na 1967. Walikuwa watoto 123 Wamarekani weusi wa familia maskini. Faida ya alama za akili ilitoweka katika miaka ya mwanzo ya shule ya msingi. Lakini walipofikisha miaka 40, waliosoma chekechea ile walikuwa na kipato kikubwa zaidi na walikuwa wamekamatwa na polisi mara chache zaidi. Wasiotajwa sana ni watoto wa Tennessee, jimbo jingine la Marekani, karibu 3,000, walioomba nafasi za chekechea ya jimbo zilizogawanywa kwa kura. Walipofika darasa la sita, waliopata nafasi walikuwa na alama za chini kuliko waliokosa, na makosa ya nidhamu mengi zaidi.

Yote mawili yaliitwa chekechea. Perry ilikuwa na walimu wenye mafunzo, watoto wachache kwa kila mwalimu, na kila wiki mwalimu alikwenda nyumbani kwa mtoto kwa saa moja na nusu. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba chekechea inafaa au haifai mpaka ameingia ndani akaona watoto wanafanya nini. Chumba chenye watoto 60 wanaoimba alfabeti kwa sauti moja kina kibao cha chekechea mlangoni, basi.

Kwa pengo. Ubora ndio unaoamua. Ikiwa chekechea nzuri ziko kwa wenye nacho na dhaifu kwa wasio nacho, pengo linaanza mapema zaidi.

Mzigo. Mkubwa: vyumba, vyoo vya kimo chao, mishahara ya kila mwezi.

Inamfaa mwenye uwezo wa kuajiri na kuwashikilia walimu wazuri, na jamii ambayo wazazi wake hutoka kwenda kazini asubuhi na kurudi jioni. Mzazi wa aina hiyo hafikiwi na ziara ya nyumbani ya saa nne asubuhi.

## Afya shuleni: mlo, dawa za minyoo, miwani

Nazikusanya pamoja kwa sababu zote zinamfuata mtoto pale alipo tayari, shuleni, ila zinatofautiana sana.

Zinavyofanya kazi. Mlo humvuta mtoto shuleni na kumwondolea njaa ya katikati ya asubuhi. Dawa za minyoo humwondolea wadudu wanaomnyonya damu na virutubisho. Mtoto mwenye upungufu wa damu husinzia darasani na huitwa mvivu. Miwani ndiyo rahisi kuielewa na ndiyo inayopuuzwa kuliko zote. Mwangalie mtoto anayenakili kutoka daftari la jirani badala ya ubaoni. Anakunja macho, anainamisha kichwa upande, kisha anaacha kabisa na kuanza kuchokoza wenzake. Mwalimu anaandika kwenye ripoti: hana umakini.

Ushahidi wa mlo. Katika chekechea 25 za Kenya zilizopewa mlo, mahudhurio yalikuwa juu kwa takriban asilimia 30 kuliko 25 zisizopewa. Alama, kwa upande mwingine, zilipanda pale tu ambapo mwalimu alikuwa tayari amepata mafunzo mazuri. Kuna jambo jingine pia, na yeyote aliyewahi kupanga foleni ya watoto wenye sahani atalielewa: kugawa mlo kulikula muda wa kufundisha. Ghana ilipopima mpango wake wa taifa wa mlo shuleni, masomo yalipanda kiasi, na waliofaidi zaidi ni wasichana, watoto wa familia maskini kabisa na wale wa mikoa ya kaskazini.

Ushahidi wa dawa za minyoo. Utafiti maarufu ulianza 1998 katika shule 75 za Busia, Kenya, ukiongozwa na Edward Miguel na Michael Kremer. Utoro ulipungua kwa angalau robo. Alama za mitihani hazikubadilika. Tangu hapo wataalamu wamevutana sana: wapo waliorudia hesabu na kutilia shaka baadhi ya matokeo, na wapo waliowafuata watoto wale hadi utu uzima na kukuta maisha yao yana nafuu zaidi. Shirika la Afya Duniani linashauri dawa itolewe kwa watoto wote mara moja kwa mwaka pale ambapo walioambukizwa wanafikia asilimia 20, na mara mbili kwa mwaka wakizidi asilimia 50. Maana yake, kama minyoo ni michache mahali pako, jambo hili si lako.

Ushahidi wa miwani. Nchini China, kuwapa watoto wasioona vizuri miwani ya bure kulipandisha alama zao za hesabu ndani ya mwaka mmoja wa shule. Baltimore, Marekani, ambako wanafunzi zaidi ya 2,000 walihusika, alama za kusoma zilipanda baada ya mwaka mmoja, na waliopanda zaidi ni wale waliokuwa mkiani. Mwaka wa pili faida hiyo haikuonekana tena. Miwani huvunjika, hupotea, na mtoto huchekwa akiivaa. Mpango wa miwani usio na utaratibu wa kupata nyingine ni nusu ya mpango.

Kwa pengo. Mlo wa wote huwanufaisha zaidi wanaoukosa nyumbani, na haumwaibishi mtoto kama ule wa orodha ya "maskini" inayosomwa mbele ya wenzake. Dawa na miwani vina fadhila ya kumfikia mwenye tatizo moja kwa moja. Mtoto wa mwenye nacho alishapelekwa kupimwa macho zamani.

Mzigo. Vidonge vinatolewa na walimu wenyewe kwa siku moja. Miwani inataka mtu wa kupima, duka la kutengeneza na ufuatiliaji. Mlo ndio mzito kuliko vyote: moto, maji, ghala, wapishi, na kila siku ya shule bila kukosa.

Zinamfaa anayeona utoro, usingizi na njaa darasani. Hazitoshi kwa anayetaka alama tu. Afya humleta mtoto kwenye dawati. Atakachokikuta pale ni habari nyingine.

## Kufundisha kwa ngazi ya mtoto

Inavyofanya kazi. Kila mtoto anapimwa peke yake kwa dakika chache: anatambua herufi? Anasoma neno? Aya fupi? Hadithi? Kisha kwa saa moja au mbili kwa siku madarasa yanavunjwa, na watoto wanakaa na walio kwenye ngazi yao bila kujali umri. Wa darasa la tano asiyejua silabi anakaa na wa darasa la tatu. Mara ya kwanza nilipoona jambo hili niliogopa wakubwa wangeona haya. Kilichonishangaza ni kijana mrefu aliyekuwa akikaa nyuma kabisa darasani kwake: hapa alikaa mbele, maana kwa mara ya kwanza swali lililoulizwa alikuwa na jibu lake.

Ushahidi. Shirika la Pratham la India ndilo lililoieneza njia hii. Kati ya 2001 na 2003, huko Mumbai na Vadodara, wasichana wa mitaa ile ile waliopewa mafunzo mafupi waliwatoa darasani watoto waliobaki nyuma kwa saa mbili kwa siku na kuwafundisha misingi. Waliotolewa walipanda. Waliobaki na mwalimu, katika darasa ambalo sasa lilikuwa na nafasi zaidi, hawakupanda. Kupunguza idadi peke yake hakukusaidia. Kilichosaidia ni kumfundisha mtoto asichokijua. Mwaka mmoja baada ya mpango kwisha, sehemu kubwa ya faida ilikuwa imefifia, jambo ambalo wanaoipenda njia hii hawalisemi kwa sauti. Baadaye, huko Uttar Pradesh, kambi za kusoma zilizochukua takriban siku 50 kwa jumla zilileta mabadiliko makubwa katika kusoma. Lakini mahali ambapo walimu walipewa mafunzo na vifaa tu, bila kupangwa muda maalumu wa makundi, wengi walirudi kwenye mtaala wa kawaida.

Kwa pengo. Kwa masomo, sijui njia nyingine inayomlenga mtoto wa mwisho waziwazi hivi. Kwa upande wa afya haisaidii kitu.

Mzigo. Mdogo kwa fedha, mkubwa kwa mazoea. Mwalimu anadaiwa kumaliza mtaala, mkaguzi anauliza yuko ukurasa wa ngapi, na hapa unamwambia aache mtaala kwa saa moja kila siku. Bila mkuu wa shule kulinda saa hiyo, haitafika mwezi wa pili.

Inamfaa mwenye watoto wa darasa la tatu kwenda juu ambao wapo shuleni kila siku na hawajui kusoma. Methali ya samaki mkunje angali mbichi hunukuliwa sana kwenye mikutano ya mambo haya. Huwa nakumbusha kwamba wa darasa la nne naye bado ni mtoto, na hakuchagua kukosa chekechea.

## Fedha mkononi mwa familia

Inavyofanya kazi. Familia inapewa fedha kila mwezi au kila muhula, kwa sharti la kumpeleka mtoto shule na kliniki, au bila sharti lolote.

Ushahidi. Meksiko ilianza mpango wa Progresa mwaka 1997, na fedha iliyotolewa kwa msichana wa sekondari ilikuwa kubwa kuliko ya mvulana. Uandikishaji wa sekondari ulipanda, hasa kwa wasichana, na afya ya watoto wadogo iliboreka. Kuhusu sharti, jaribio la Zomba, Malawi, linafikirisha. Wasichana waliopewa fedha kwa sharti la kuhudhuria waliacha shule kwa nadra zaidi na kujifunza zaidi. Waliopewa bila sharti walipata mimba na kuolewa mapema kwa kiasi kidogo zaidi, maana fedha iliendelea kuwafikia hata wale walioacha shule. Sharti lilizisaidia alama, na lile lile likamwacha solemba msichana aliyekuwa hatarini zaidi.

Kwa pengo. Inategemea orodha. Familia isiyo na kitambulisho au isiyojuana na mtu wa kuiandikisha ndiyo iliyo maskini zaidi, na ndiyo inayoachwa. Kwa alama za darasani, usitegemee makubwa: fedha hufungua mlango wa shule, haimfundishi mtoto kusoma.

Mzigo. Fedha nyingi na rejesta safi. Ni kazi ya serikali au shirika kubwa. Kikundi kidogo kikijaribu, ugomvi wa nani yumo na nani hayumo hukimaliza.

Inamfaa mwenye watoto wanaoacha shule kwa ajili ya kazi, ada au ndoa.

## Kwa hali yako

Kama watoto unaowafikiria bado hawajafika miaka mitatu, na una subira ya miaka, anza na ziara za nyumbani. Usitegemee lishe peke yake kufanya kazi ya mazungumzo na michezo, wala usimfundishe kucheza mama ambaye mwanawe ana njaa.

Kama jamii inadai chekechea na una fedha ya chumba kimoja kizuri au vinne vibovu, chukua kimoja. Utalaumiwa kwa kuacha wengine nje, na lawama hiyo ina haki yake, lakini Tennessee imekwisha onyesha kinachotokea nafasi zinapopatikana na ubora ukakosekana.

Kama madawati ni matupu, tafuta kwanza sababu. Waulize watoto wasiokuja, maana waliopo darasani hawajui kwa nini wenzao hawapo. Njaa inataka mlo, ugonjwa unataka dawa, kazi na ndoa vinataka fedha. Mlo kwa mtoto aliyeachishwa shule ili akafanye kazi utamrudisha kwa wiki mbili.

Kama madawati yamejaa na daftari ni tupu, kazi ni ya ngazi za kusoma, na ianze muhula huu huu. Panga pia kurudia mwakani, kwa sababu faida ya mwaka mmoja huyeyuka.

Kama wewe ni serikali na unaweza kufanya mawili, mimi ningeunganisha mlo wa wote na saa ya ngazi, kisha nihakikishe ugawaji wa chakula hauimezi saa hiyo.

Na kama huna chochote isipokuwa wiki moja na watu wawili wa kujitolea? Chukua watoto wa darasa la tatu na la nne. Mmoja wenu akae na karatasi ya herufi, maneno, aya na hadithi. Mwingine aweke ubao wa kupimia macho mita sita kutoka alipo mtoto, na kumfunika jicho moja baada ya jingine. Matokeo yote mawili yaandikwe mbele ya jina la mtoto kwenye karatasi moja. Jina lenye alama mbaya pande zote mbili lipelekwe kwanza kwa mtaalamu wa macho, kabla mtu yeyote hajamwita mzazi wake kumwambia kwamba mwanawe hafundishiki.